Silikoni inayotoa mwanga: chembe zinazozaliwa ndani ya plazima

Kila aliyevuna mpunga Mbarali au Kyela anajua jinsi jani lake linavyochana mikono. Kinachochana ni silika iliyofyonzwa na mmea kutoka ardhini, na ndani yake mna silikoni, elementi ileile ya paneli za sola zilizo juu ya mapaa yetu. Paneli hupokea mwanga vizuri, lakini kuutoa haiwezi: katika silikoni ya kawaida, karibu nishati yote ya elektroni huishia kuwa joto.

Mambo hubadilika kipande cha silikoni kikiwa chembe ya chini ya nanomita 5 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), upana ambao unywele mmoja huuzidi mara 10,000 na zaidi. Elektroni ikibanwa kiasi hicho hutoa mwanga, na kadiri chembe inavyopungua, ndivyo rangi inavyosogea kutoka nyekundu kwenda rangi ya chungwa. Mwaka 1990 Leigh Canham, Mwingereza, alionyesha silikoni yenye vitundu ikitoa mwanga mwekundu.

Njia moja ya kutengeneza chembe ndogo hivyo ni kutumia plazima, yaani gesi ambayo elektroni zimebanduliwa kutoka kwenye atomi zake. Hapa Mbeya tunaiona katika kila mmweko wa radi msimu wa mvua. Katika maabara, silani, gesi yenye silikoni na hidrojeni, huchanganywa na gesi ya agoni, ikapitishwa kwa mgandamizo mdogo ndani ya bomba la kioo lenye umeme wa masafa ya redio. Atomi za silikoni hukusanyika kuwa chembe, na hapa ndipo penye uzuri wa njia hii: kila chembe hujikusanyia elektroni, ikawa na chaji hasi, hivyo chembe husukumana badala ya kugandana kama madonge katika uji usiokorogwa. Tena uso wa chembe hupata joto kuliko gesi iliyouzunguka, kiasi kwamba atomi hujipanga kuwa fuwele kwa muda wa sehemu chache tu za elfu za sekunde. Mwaka 2005 Mangolini, Thimsen na Kortshagen wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walieleza njia hii.

Unga unaopatikana ni wa kahawia, hauvutii macho. Ukishafunikwa uso kwa molekuli za kaboni, ili atomi za usoni zenye mikono mitupu, yaani zisizo na atomi nyingine za kushikana nazo, zisimeze nishati, kichupa chake huwaka chekundu mbele ya taa ya urujuanimno, kama ile ya kukagulia noti.

Silani hushika moto ikikutana na hewa, kwa hiyo kazi hii haifanyiki nje ya maabara yenye vifaa. Pumba za mpunga zilizorundikwa nyuma ya mashine za kukoboa zina silika tele, ila kutoka hapo hadi silani safi ni safari ndefu ya kemia.