Mshahara mmoja mzuri, ahadi nyingi: ya kujua kabla rejesho halijachelewa

Malalamiko yanayofika kwenye dawati la mikopo yamebadilika sura. Zamani aliyekuja kulalamikia adhabu ya kuchelewesha marejesho alikuwa, mara nyingi, mtu wa kipato cha kubahatisha. Siku hizi tunazidi kumpokea mwenye kazi ya kudumu na mshahara mzuri, ambaye familia nzima inamtegemea yeye peke yake. Anauliza, na uso umemshuka: "Kwa mshahara wangu huu, mnaniitaje mdaiwa?"

Swali hilo linastahili jibu refu kuliko linalotolewa dirishani. Yafuatayo ni elimu ya jumla. Mkataba uliosaini na sheria za mahali ulipo ndivyo vyenye neno la mwisho.

Namna ya kuandika bajeti sitaieleza. Nachukulia kila nyumba inajua kuorodhesha mapato na matumizi, na kwa kweli familia nyingi zinazofika kwetu zina daftari safi kabisa. Kasoro ni kwamba daftari linaonyesha fedha zilizotumika, halionyeshi fedha zilizokwisha kuahidiwa kabla mwezi haujaanza. Hapo ndipo penye kodi ya nyumba, rejesho la gari, ada, bima, mshahara wa msaidizi wa nyumbani na fedha za wazazi za kila mwezi. Matumizi ya kawaida unaweza kuyabana ukikaza mkanda wiki mbili. Ahadi haibanwi hivyo, kwa sababu hata gari likilala uani mwezi mzima, rejesho lake ni lile lile.

Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri kipato cha familia kinavyopanda, sehemu ya kipato hicho inayokwenda kwenye chakula hupungua. Kwa familia yenye mshahara mnono, basi, fedha nyingi hazipo jikoni. Hata hivyo mambo yakibana, jiko ndilo la kwanza kukatwa, na anayeendesha jiko ndiye wa kwanza kulaumiwa. Nimeona ndoa zikitikiswa na ugomvi wa matumizi ya sokoni, ilhali rejesho moja la gari lilikuwa limemeza zaidi ya yale ya sokoni yote. Inauma kuliona, maana aliyelaumiwa hakuwa na kosa.

Hesabu ninayoomba kila nyumba ya mshahara mmoja ifanye ni fupi. Jumlisha ahadi zote za mwezi, zikiwemo za mwaka kama bima na ada baada ya kuzigawa kwa 12, kisha uzipime dhidi ya kinachoingia mkononi. Nasema kinachoingia mkononi, yaani baada ya makato yote. Nalisisitiza hili kwa sababu bado napokea fomu zilizojazwa mshahara ghafi, tena na watu wasomi, wakiongezea posho za safari ambazo mwezi ujao huenda zisiwepo. Ahadi zikizidi nusu ya kinachoingia mkononi, kwa nyumba inayotegemea mtu mmoja mimi huona hatari. Huo ni msimamo wangu wa kikazi, si kanuni ya sheria. Sababu yake ni kwamba nyumba yenye mishahara miwili inayolingana, mmoja ukikatika, nusu inabaki. Kwenu hakibaki kitu, na tarehe ya rejesho inafika vile vile.

Sasa nieleze kinachotokea rejesho linapochelewa, maana hapa ndipo penye dhana potofu nyingi.

Siku za kuchelewa huhesabiwa mfululizo, mwisho wa wiki na sikukuu zikiwemo. Wakopeshaji wanaofuata kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IFRS 9, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, hutakiwa kutenga fedha kwa ajili ya hasara wanayoitarajia, si ile iliyokwisha kutokea tu. Mkopo unaolipwa vizuri hutengewa hasara inayoweza kusababishwa na mkopaji kushindwa kulipa ndani ya miezi 12 ijayo. Ukichelewa zaidi ya siku 30, kiwango hicho kinachukulia kwamba hatari imepanda sana, na mkopeshaji hutenga kwa muda wote uliosalia wa mkopo. Ukipita siku 90, unachukuliwa kuwa umeshindwa kulipa, na mkopo wako huingia kwenye kundi tunaloliita mikopo chechefu. Mkopeshaji anaweza kupinga dhana hizo mbili, ya siku 30 na ya siku 90, lakini awe na ushahidi wa kumridhisha mkaguzi. Maelezo kwamba "ananifahamu, nitalipa tu" si ushahidi. Kwa hiyo afisa anapokwambia hana mamlaka ya kusimamisha siku, naomba umwamini.

Kulipa nusu ya rejesho nako hakufuti ucheleweshaji. Katika mikataba mingi siku huhesabiwa kuanzia rejesho la zamani zaidi ambalo halijakamilika, na fedha unazoleta hugawanywa kwa mpangilio: kwanza tozo na adhabu, kisha riba, na mwisho ndipo deni la msingi. Jambo hili nimelieleza mara nyingi, na bado nasikia, "Lakini nimelipa!" Ni kweli umelipa. Fedha yako imeishia kwenye adhabu kabla haijaligusa deni. Uliza mpangilio huo kabla ya kusaini, kwa sababu umeandikwa kwenye mkataba.

Adhabu ya asilimia 5 kwa mwezi wengi huizidisha kwa 12 wakapata 60. Ikiwa adhabu inaongezwa kwenye deni na mwezi unaofuata inatozwa juu ya jumla mpya, malimbikizo, yaani marejesho yaliyochelewa, ya 100 hukaribia 180 baada ya mwaka, si 160.

Riba nayo ina mtego wake. Chukua mkopo wa 100 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, unaolipwa kwa miezi 12. Riba ikikokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo, utalipa 12. Ikikokotolewa juu ya salio linalopungua, utalipa takriban 6.6. Asilimia ni ile ile, gharama inakaribia kuwa maradufu. Usikubali kulinganisha wakopeshaji wawili kwa asilimia tu. Mwambie kila mmoja akuandikie jumla utakayokuwa umelipa siku ya mwisho.

Siku moja walikuja mume na mke, malimbikizo yao yakiwa ya siku 41. Mume alikuwa na hati ya mshahara ndani ya bahasha. Mke alikuwa na daftari la shule lenye jalada lililochakaa, kila siku imeandikwa kwa kalamu ya bluu, hadi nauli ya mtoto na sabuni. Niliomba waviweke vyote viwili mezani. Mke aliitazama ile hati kwa muda mrefu, kidole kikishuka mstari kwa mstari kwenye makato, kikasimama kwenye mkopo mmoja wa kazini. "Baba watoto, huu ni wa lini?" Ulikuwa na miezi minane. Mume hakuwa mlevi wala mbadhirifu, alikuwa ameukopa kumalizia ada, akanyamaza asimtie mwenzake wasiwasi. Mke naye kwa miezi ile yote alikuwa akibana sabuni na nauli bila kujua anaziba tundu gani. Tangu siku ile sipokei tena maombi ya familia ya mshahara mmoja kwa kumsikiliza mwenye mshahara peke yake.

Nagusia pia jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Akaunti ikiwa kwa jina la mtu mmoja, na mtu huyo akafariki, katika nchi nyingi benki huizuia mara inapopata taarifa, hadi msimamizi wa mirathi athibitishwe. Kujua namba ya siri ya kadi hakumpi mwenza haki ya kuchukua fedha hizo. Utaratibu huo unaweza kuchukua miezi, na katika miezi hiyo watoto wanahitaji kula na kusoma. Angalieni kama akiba ya dharura inaweza kuwekwa kwenye akaunti ya pamoja, na ulizeni itakuwaje mmoja wenu akiondoka. Bima ya mkopo nayo isomwe mstari kwa mstari: nyingi hulipa kwa kifo au ulemavu wa kudumu, na hazigusi kupoteza kazi. Na msisahau kwamba mwenza asiye na mshahara akiugua, kazi zake zote za nyumbani hugeuka gharama siku hiyo hiyo.

Kuhusu akiba ya dharura, ushauri wa kawaida ni miezi mitatu hadi sita ya matumizi. Kwa mshahara mmoja mimi hushauri sita, na muanze kuihesabu kwa ahadi zenu. Ikae mahali inapotoka ndani ya siku chache, si kwenye kiwanja.

Mkiona mwezi ujao hautafika, njooni kabla ya tarehe ya rejesho. Kabla ya siku 30 kupita bado kuna nafasi ya kuzungumzia kupanga upya mkopo, na mjue gharama yake. Ule mkopo wa 100 kwa salio linalopungua, ukirefushwa tangu mwanzo kutoka miezi 12 hadi 24, rejesho hushuka kutoka takriban 8.9 hadi 4.7 kwa mwezi, lakini riba yote hupanda kutoka 6.6 hadi karibu 13. Wakati mwingine ni nafuu inayostahili bei hiyo, wakati mwingine kuuza gari ni bora, na uamuzi huo ni wenu.

Leteni hati za mshahara za miezi mitatu, taarifa ya akaunti ya kipindi hicho hicho, mikataba ya mikopo yote hata ile midogo ya kwenye simu, na barua fupi inayosema nini kimebadilika na tangu lini. Barua ipokelewe na igongwe muhuri, nanyi mbaki na nakala. Daftari la nyumbani pia lije. Na mje wote wawili.