Betri ya Kompyuta Mpakato Ikichoka, Si Seli Zote Zimekufa

Ndani ya ganda la betri ya kompyuta mpakato, hasa zile nene za zamani, mna seli za mviringo, mara nyingi sita, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Moja au mbili zikidhoofu, saketi ya ulinzi huweza kukata umeme wa betri nzima, nasi tukaitupa pamoja na seli nzuri zilizobaki. Mwaka 2014 watafiti wa IBM nchini India walipima betri zilizotupwa, wakakuta angalau asilimia 70 zingeweza kuwasha taa ya LED zaidi ya saa nne kwa siku kwa mwaka mzima.

Seli hizo nzuri zinaweza kutumiwa upya, na kazi yenyewe ni kuzichambua. Fungua ganda kwa kabari ya plastiki, maana bisibisi ikitoboa seli, moto unaweza kuzuka papo hapo. Betri bapa iliyovimba usiifungue kabisa.

Kisha pima kila seli kwa mita ya volti. Iliyoshuka chini ya volti 2 iache. Wapo wanaozishtua kwa umeme ili zipokee chaji tena, na jambo hili linanitia hofu kweli: seli ikikaa tupu muda mrefu, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka, na ukiichaji shaba hiyo huganda upya mahali pasipo pake na kuleta shoti ya ndani. Haionekani kwa nje. Seli zilizobaki zichaji hadi volti 4.2, uziweke wiki mbili, uzipime tena. Iliyoshuka chini ya volti 4, au iliyopata joto ilipokuwa ikichajiwa, haifai.

Seli yenye uwezo wa miliampea-saa 2,000 huhifadhi takriban wati-saa 7, zinazotosha taa ya wati moja kwa saa sita hivi. Ukitaka muda mrefu zaidi, unganisha seli sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, baada ya kuhakikisha zote zina volti sawa. Kuzipanga kwa mfuatano, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, kunahitaji saketi ya kusawazisha chaji, anayeanza asijaribu.

Tumia chaja ya lithiamu pekee. Kibao cha saketi chenye TP4056, chipu ya kuchajia lithiamu, hufaa kwa seli moja au zilizo sambamba, ila chagua chenye ulinzi dhidi ya kuishiwa chaji kupita kiasi. Simu na vifaa vya USB huhitaji pia kibao cha kupandisha umeme hadi volti 5. Redio ya betri mbili za kawaida hutaka volti 3, hivyo ukiiunganisha moja kwa moja na seli iliyojaa unaweza kuiunguza.

Seli ulizozikataa zifunike ncha kwa utepe na uzipeleke kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki. Zikigusana ndani ya pipa huweza kuwaka. Nazo ulizozikubali zichaji ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na mapazia.