Majaji wa Texas wako chini kabisa ya karatasi ya kura, usiwaruke

Kampeni zikianza tu hapa Houston tunaanza kupigiwa simu na Waswahili wenzetu, hasa waliopata uraia juzijuzi, na swali ni lilelile, jaji anaombaje kura, si rushwa hiyo? Tunaelewa, nyumbani jaji anateuliwa, bango lake barabarani hujawahi kuliona. Texas wanachaguliwa, na kwa tiketi ya chama kabisa.

Tunamuongelea jaji wa mahakama ya distrikti, yule wa kesi nzito za jinai, talaka, nani akae na watoto, ugomvi wa ardhi. Anapita mchujo wa chama mwezi Machi (wakiwa wengi na hakuna aliyevuka nusu ya kura wawili wa juu wanarudiana Mei), alafu Novemba ndio uchaguzi wenyewe, akishinda anakaa miaka 4. Lazima awe na leseni ya uwakili, na kwa vipindi vinavyoanza 2025 kuendelea awe amefanya kazi ya uwakili au ujaji miaka 8, zamani ilikuwa 4 tu. Umri nao una mwisho, 75, mwaka 2023 wapiga kura waliulizwa kama waongeze hadi 79 wakakataa. Kiti kikibaki wazi katikati gavana anateua mtu wa kushikilia hadi uchaguzi mkuu unaofuata, ndio maana utakuta mtu anaitwa jaji na hajawahi kupigiwa kura hata moja.

Michango ya kampeni inaruhusiwa ila ina kikomo, kwa kaunti kubwa kama Harris, yaani hii yetu ya Houston, mtu mmoja mwisho dola 5,000. Na hapana, ukichanga haimaanishi unaweza kumpigia jaji kumueleza kesi yako pembeni, hairuhusiwi, acheni kutuomba namba zao.

Na tafadhali, jaji huyu HAHUSIKI na kesi yako ya uhamiaji! Majaji wa uhamiaji wameajiriwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, hawapigiwi kura na mtu. Vilevile yule anayeitwa kaunti jaji anashughulika na bajeti na dharura kama vimbunga, hata uwakili sio lazima awe nao.

Hadi 2018 ulikuwa unaweza kubonyeza chama mara moja ukawa umemaliza karatasi nzima, na mwaka huo Democrats wakazoa viti vya majaji Harris. Tangu 2020 kitu hicho hakipo. Ukichagua seneta na gavana ukaondoka, yule atakayeamua mtoto wako alale kwa nani umemwachia jirani akuchagulie. Sisi hatusemi umpigie nani, chama gani hatuna habari nacho, fika chini tu.

Mwenye grini kadi hapigi kura, hata kama kuna mtu alikusajili kwa nia nzuri. Tangu Septemba 2023 kupiga kura kinyume cha sheria ni miaka 2 hadi 20 jela na faini hadi dola 10,000, na kesi ya uhamiaji inaweza kukufuata juu yake.

Usajili unafungwa siku 30 kabla. Majina ya majaji yaandike kwenye kikaratasi maana simu hairuhusiwi ndani. Kama Kiingereza kinakusumbua njoo na mtu wa kukusaidia, ataapishwa hapohapo, ila asiwe bosi wako wala mwakilishi wa bosi, wala wa chama chako cha wafanyakazi.