Plagi ya mashine ya salfa: vidole kwanza, spana baadaye

Msimu wa kupulizia mikorosho ukianza, gereji yangu hapa Mtwara hujaa mashine za salfa kuliko pikipiki. Wengi hudhani tatizo ni kabureta. Mimi kinachonichosha ni tundu la plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha injini, likiwa limeliwa meno.

Juzi mama mmoja wa Nanguruwe alileta ya kwake. "Fundi, inapumua pembeni, nguvu haina." Nikaishika plagi: inacheza.

"Nani aliifunga, mama?"

"Kijana wangu. Alikaza mpaka ikagoma, akaongeza tena."

Nilipoitoa, ilitoka imezungukwa na kiuzi chembamba cha aluminiamu kinachong'aa. Hayo ndiyo yalikuwa meno ya hedi, kile kifuniko cha silinda plagi inamofungwa.

Plagi ni chuma, hedi ni aluminiamu. Wakishindana, anayeumia ni hedi. Tena plagi nyingi za mashine hizi zina meno yenye urefu wa milimita 9.5 tu, na kila jino hula milimita 1.25. Piga hesabu: meno saba hivi. Plagi nyingi za magari zina milimita 19, kwa hiyo fundi wa magari ana pa kukosea. Wewe huna.

Kutoa hakuna maneno mengi. Acha injini ipoe kabisa. Legeza robo mzunguko, puliza mchanga na salfa iliyoganda shingoni, ndipo uitoe. Usipopuliza, uchafu wote unaingia kwenye silinda. Ikigoma, tia mafuta ya kulegezea kutu, subiri, kisha irudishe mbele kidogo, nyuma kidogo.

Kazi iko kwenye kurudisha. Iweke tunduni ikiwa wima, izungushe kushoto taratibu mpaka uisikie ikidondoka "tik". Hapo meno yamekutana. Sasa kulia, kwa vidole viwili, mpaka ile washa, pete ya chuma ya shingoni, iguse hedi. Ikikaza mapema, imeingia upande: itoe, uanze upya. Kwenye gari lenye shimo refu mimi huvika kipande cha mpira wa petroli kichwani mwa plagi. Ikienda mrama, mpira unateleza kabla meno hayajaumia.

Ndipo spana. Plagi mpya, nusu mzunguko mpaka theluthi mbili. Ya zamani, washa imeshabonyea, kwa hiyo isogeze kama mshale wa dakika unavyokwenda dakika tano, basi. Mwenye spana ya kupima nguvu ya kukaza: plagi yenye meno ya unene wa milimita 14 kwenye aluminiamu, NGK, watengenezaji wa plagi, wanataja nyutoni-mita 25 hadi 30. Kitabu cha mashine yako kikisema pungufu, fuata kitabu.

Na mafundi wenzangu, acheni kupaka grisi kwenye meno. Grisi inateleza, mkono unadanganyika, unakaza kupita kiasi.

Hedi ya mama nilichonga meno mapya na kuitia koili ya chuma. Kijana wake nilimwita aifunge mwenyewe, mara tatu, kwa vidole. Spana nilikuwa nimeikalia.