Damu ya mzee iliyokoza si nyeusi

Mteja wa tatu mwezi huu, maneno yale yale. Dada wa kamati ya harusi ameshika kadi ya sampuli niliyomchapia, ya damu ya mzee iliyokoza, chini ya taa ya ofisini: "Kaka, si ungeweka nyeusi tu? Mbona ni kitu kimoja." Nikamwomba tutoke barazani. Saa nane mchana, jua la Chikongola, hapa Mtwara, limewaka. Akaigeuzageuza kadi, akanyamaza, kisha: "Ee, kumbe ina wekundu."

Ina wekundu, ndiyo! Bila huo wekundu nisingehangaika nayo.

Na sisi watu wa Mtwara ndio tulipaswa kulijua hili mapema. Chukua kinyago cha mpingo kilichosuguliwa vizuri. Sebuleni ni cheusi. Kitoe juani ukiangalie kwa karibu, kiini cha mti kinaonyesha hudhurungi inayoelekea zambarau. Nani amewahi kukipaka rangi nyeusi akasema ni kitu kimoja?

Kwenye skrini mambo ni mepesi. Maruni ya kawaida, yaani damu ya mzee, msimbo wake ni #800000: nyekundu 128, kijani 0, bluu 0, kila moja kwa kipimo cha 0 hadi 255. Shusha nyekundu hadi 64, yaani #400000, bado ni nyekundu tupu. Hakuna nyeusi iliyoongezwa, mwanga tu umepungua.

Kwenye wino ndiko watu wanakoiua. Wanachukua majenta (wino wa waridi iliyokolea) na njano, kisha wanamwaga nyeusi mpaka ikoze, inatoka rangi ya masizi. Nyeusi ikizidi inafunika majenta, na majenta ndiyo roho ya rangi hii. Mimi naanzia, kwa asilimia, sayani (wino wa bluu-kijani) 30, majenta 100, njano 70, nyeusi 60. Sayani kidogo inasaidia kukoza na kuivuta kuelekea damu iliyoganda, hivyo nyeusi haibebi kazi yote. Njano ikizidi, unaangukia kwenye kahawia. Lakini namba hizo si amri. Karatasi ya kung'aa inazibeba, isiyong'aa inanyonya wino na rangi inapoa ikikauka. Miaka yote hii, na bado sithubutu kuchapa kadi mia mbili kabla sijatoa moja nikailaza, nikaiangalia tena asubuhi. Skrini yangu siiamini kwa rangi hii.

Maandishi juu yake yawe meupe au krimu. Nyeupe juu ya #400000 ina uwiano wa utofauti wa mwanga wa 17 kwa 1 hivi. Nyekundu kali juu yake haifikishi hata 4.5 kwa 1 ambayo WCAG, miongozo ya kufanya kurasa za mtandao zisomeke na watu wote, inataka kwa maandishi ya kawaida, na bado kila msimu wa korosho, harusi zikianza kufuatana, naletewa majina mekundu juu ya damu ya mzee. Hayasomeki, jamani.

Kuna jambo moja ambalo mteja ana haki nalo. Mwanga ukififia, jicho hupoteza nyekundu kwanza. Mwanasayansi Purkyně wa Bohemia (Ucheki ya leo) aliliona hilo mwaka 1819. Kwa hiyo kadi iliyong'ara wekundu mchana, saa mbili usiku kwenye ukumbi wenye taa hafifu inaonekana nyeusi kweli. Dawa kamili sina. Huwa napunguza krimu inayoizunguka, maana weupe mwingi huifanya ionekane nyeusi zaidi, na pembeni yake naweka mstari mwembamba wa nyeusi halisi ili jicho lipate cha kulinganisha.

Jumatatu dada yule anarudi na mama wa bibi harusi. Nimewaambia wafike kabla jua halijazama.