“Kwetu hakuna mwenye kisukari”: mtoto kakitoa wapi?

Sentensi hiyo tunaisikia mno kliniki kwetu hapa Dar es Salaam. Mara ya mwisho aliitamka mama mmoja kutoka Mbagala, aliyekuja na binti yake wa miaka 7. Mtoto alikuwa ameacha kukojoa kitandani siku nyingi, ghafla akarudia. Mama anasema alipoanika godoro, sisimizi walijaa palepale penye mkojo. Duka la dawa walimpa dawa ya malaria, halafu ya UTI. Alipotufikia, mtoto alikuwa amekonda, anatapika, anahema kwa nguvu. Na nyumbani bibi mzaa baba alishatoa hukumu: ugonjwa umetoka ukoo wa mama.

Hukumu hiyo inaniuma, kwa sababu si ya kweli.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho ndicho alichokuwa nacho mtoto huyu, kinga ya mwili huzishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu. Ni sungusungu wanaompiga mwenye nyumba wakidhani ni mwizi. Soda na pipi hazihusiki na kuanza kwake. Wala mtoto harithi ugonjwa wenyewe; anarithi wepesi wa kuupata.

Wepesi huo, karibu nusu yake, unatoka kwenye kundi la jeni (vinasaba) liitwalo HLA, lililo katika kromosomu ya 6, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Kazi ya jeni hizi ni kuwezesha kinga kuonyeshwa vipande vya protini ili ijue kipi ni cha mwili na kipi ni cha mgeni. Aina mbili, DR3 na DR4, ndizo zinazojulikana zaidi kwa kuongeza hatari, na anayebeba zote mbili hatari yake hupanda zaidi. Sasa fikiria: moja kaipata kwa baba, nyingine kwa mama, na wazazi wote wawili ni wazima. Utamlaumu nani? Ndiyo maana watoto 8 au 9 kati ya 10 wanaogundulika hawana ndugu wa karibu mwenye ugonjwa huu. Hata mapacha wanaofanana, mmoja akiugua, mwenzake anaweza kukaa miaka mingi bila kuugua. Kuna vichocheo vingine, na baadhi ya virusi vinashukiwa.

Tahadhari moja kwetu Waafrika. Mengi ya haya yamepimwa kwa watu wenye asili ya Ulaya. DR7, aina nyingine ya jeni hizo za HLA, ambayo kwao kwa kawaida hukinga, ina toleo la Kiafrika linaloongeza hatari. Nayo DR3 ina toleo la kwetu ambalo haliongezi hatari kama la kwao. Kwa hiyo usitumie fedha kununua kipimo cha jeni kilichotengenezwa kwa hesabu za Ulaya ukadhani kitakupa jibu la mwanao.

“Na mdogo wake, daktari?” mama aliniuliza kabla ya kuondoka.

Kwa hesabu hizohizo za Ulaya na Marekani, ndugu wa tumbo moja na mgonjwa wana hatari ya takriban 5 kati ya 100. Maana yake wengi hawataugua. Lakini siku mdogo akianza kunywa maji kupita kawaida, kukojoa mara kwa mara na kukonda, asianziwe dawa ya malaria kwa kubahatisha. Apelekwe siku hiyohiyo akatobolewe kidole, apimwe sukari. Na huyu dada yake asiachishwe insulini hata siku moja, awe nani anayeahidi dawa ya mitishamba.