Sabufa ya wati 8000 na uongo mwengine unaokula pesa zetu

Pita soko la Darajani, Unguja, kutafuta spika ya kompyuta utauziwa maneno kabla ya spika. Mie naona mtu mwenye pesa ndogo zote aziweke kwenye hedifoni au spika yenyewe, vikorombwezo vya katikati, kama saundi kadi na amplifaya, baadae. Haya sasa, maneno yao na majibu yangu.

"Hii wati 8000, mzigo huu!"
Ile 8000 ni PMPO, yaani nguvu ya kufumba na kufumbua, haina kipimo rasmi, kila kiwanda kinajiandikia kinachotaka. Namba ya kweli ni RMS, nguvu inayotoka mfululizo, na kama boksi limeificha chukua adapta yake usome kibandiko: 12V, 2A, zidisha, wati 24. Sasa kitu kinachokula wati 24 kitatoa wapi 8000 jamani? Hata hizo 24 hazifiki zote kwenye spika, nyengine zinaishia kuwa joto. Lakini usivunjike moyo, mbele ya kompyuta wati 10 za kweli zinatosha kumfanya jirani agonge mlango, na ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, sikio linaona kidogo.

"Bila saundi kadi ya nje husikii kitu"
Hapa ndo pesa zinapotupwa khasa. Saundi kadi ni kile kinachogeuza data ya kompyuta kuwa sauti, na laptop nyingi ile ya ndani inatosha. Sababu ya kununua nyengine ni kama unasikia "shiii" hata muziki ukizimwa, au mikwaruzo inayofuata mausi ukiisogeza, na hapo hata kile kiwaya kifupi cha Apple cha kutoka USB-C kwenda pini ya hedifoni kinafanya kazi safi, Marekani kiliuzwa dola 9 tu. Kwenye simu za Android sauti yake mara nyingi hutoka ndogo, ila kwenye kompyuta hamna neno.

Kuna kelele nyengine lakini, ile "nguuu" ya umeme kwenye spika. Chomoa chaji, laptop itumie betri. Kelele ikikata basi tatizo ni eathi, yaani waya wa ardhini, umeme unazunguka baina ya laptop na spika kupitia waya wa sauti, na mtu anakimbilia saundi kadi ya USB wakati eathi inapita hukohuko kwenye USB! Kwanza chomeka vyote kwenye ekstenshen moja, bure kabisa, ikigoma ndo utafute kile kidude cha kukata eathi kinachokaa katikati ya waya wa sauti, bei yake ndogo.

"Ohm nyingi ndo hedifoni bora"
Ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme, si ubora. Beyerdynamic wanauza hedifoni ya DT 770 Pro ya ohm 32, ya 80 na ya 250, ukichukua ya 250 ukaichomeka kwenye laptop ya kawaida sauti inatoka ya chini, ushajitafutia gharama ya amplifaya. Hedifoni ya Koss Porta Pro ipo tangu 1984, ohm 60, laptop inaisukuma bila tabu.

"Hedifoni ya 7.1 ina spika saba"
7.1 ni sauti ya kukuzunguka pande zote, lakini nyingi zina spika moja kila sikio, zilobaki ni programu. Windows 10 na 11 wameshakuwekea programu kama hiyo, Windows Sonic, humo ndani, bure.

"Biti 24 lazima"
Biti ni wingi wa tarakimu za kila kipande cha sauti. CD ni biti 16, vipande 44,100 kwa sekunde (kilohezi 44.1), inabeba sauti mpaka kupita kilohezi 20 ambapo sikio la binadamu linaishia. Santuri za mwimbaji wa taarab Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay 1928 hata uzisikilize kwa biti 24 utaongeza kusikia mikwaruzo tu.

"Pini ya dhahabu inaongeza utamu"
Utamu haiongezi. Ila kwa upepo huu wetu wa chumvi, pini ya kawaida inashika kutu ukawa unaizungushazungusha upate masikio yote mawili, na dhahabu haishiki. Bei ikipishana kidogo we chukua.

"Bluetooth na waya sawa tu"
Kwa kusikiliza nyimbo sawa, kwa gemu sauti inachelewa. Halafu ukiingia mkutano wa Zoom muziki unageuka ghafla kama simu ya mezani, watu wanarudisha hedifoni dukani wakidhani mbovu, kumbe Bluetooth imehamia mfumo wa kupigia simu kwa sababu maiki imewashwa. Ingia kwenye mipangilio uchague maiki ya laptop yenyewe, sauti inarudi.